Uso wa Milembe na Macho ya Nyanjige

Mwandu alitoa baiskeli nje asubuhi, akaipangusa vumbi, akaondoka bila kuaga. Alishika njia ya Mwandoya. Katika kaya ya Masunga, baba yake, hakuna aliyeuliza anafuata nini huko, maana pamba ilikuwa bado shambani na mnada ulikuwa umeshapita. Mama yake, Esteria, alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, akaitazama baiskeli mpaka ikapotea nyuma ya mtama, kisha akarudi ndani kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Milembe, dada yake Mwandu, aliyaona hayo kupitia upenyo wa kanga. Siku hizo hakutoka nje bila kujifunika. Mashavu yake yalikuwa yamejaa vipele vyekundu vyenye usaha, na kati ya kipele na kipele ngozi ilikuwa na madoa, mengine meusi kama masizi, mengine ya rangi ya zambarau. Jua likimpiga, uso uliwaka kama umepakwa pilipili. Na harusi yake ilikuwa imekaribia.

Ilisemekana kwamba mbele ya Mwandoya, huko porini, kulikuwa na vijana ambao ukiwaita hawaulizi sababu, wanauliza nyumba ni ipi. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amekutwa amekatwa mapanga wakati wa palizi, na waliomzika walinong'ona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, alama ya uchawi.

Upande wa pili wa uwanja, mbele ya kibanda chake, Nyanjige alikuwa anapepeta karanga. Alikuwa dada mkubwa wa Masunga, mjane aliyerudi kwa ndugu yake baada ya mumewe kufa. Macho yake yalikuwa mekundu tangu Milembe akiwa mtoto. Naye aliiona baiskeli ikiondoka. Ungo wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mambo yalianza na chunusi chache tu. Milembe alikuwa na miaka kumi na minane, na uso wake ulikuwa kama nyuso za wasichana wengi wa umri ule: vipele viwili vitatu kwenye paji, vingine kidevuni, vinakuja vinaondoka. Angeviacha vingepita. Lakini yeye alikuwa na kipande cha kioo alichokichomeka kwenye ukuta wa udongo, na kila asubuhi alisimama mbele yake na kuviminya kwa kucha. Kila alichokiminya kiliacha doa jeusi. Ikawa sasa halii kwa ajili ya vipele, analia kwa ajili ya madoa.

Kisha habari ikaja kwamba watu wa mzee Marcelo wa Lagangabilili wangekuja kumwangalia kwa ajili ya kijana wao, Mihayo. Kwa watu wa pale kuangaliwa ni kuangaliwa kweli. Wanawake wa upande wa kijana hukaa na binti, humtazama meno, mikono, na rangi. Binti mweupe zizi la baba yake hujaa. Binti mweusi huolewa pia, ila ng'ombe hawawi wale.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachwa huria. Watu walioishi miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni sasa walikwenda mnadani na kukuta kila kitu kimemwagwa chini kwenye turubai: mitumba, redio, betri, viatu vya plastiki, sabuni za harufu, na mafuta ya kupaka ya rangi zote. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, na nyuma ya malori walikuja wachuuzi. Mmoja wao alimwonyesha Milembe tyubu nyekundu yenye picha ya mwanamke anayecheka.

"Chunusi, madoa, weusi, vyote hii inaondoa," mchuuzi alisema. "Paka kila siku kabla ya kulala. Mwenyewe utajisahau."

Hakudanganya. Wiki chache baadaye vipele vilikuwa vimekauka, madoa yamefutika, na uso wa Milembe umekuwa mweupe na laini, unang'aa kama chungwa lililomenywa. Wanawake wa Marcelo walipokuja walimgeuza shingo huku na huku, wakatazamana, wakaridhika. Posa ilizungumzwa. Masunga alitaja idadi ya ng'ombe ambayo hata yeye mwenyewe hakutegemea ingekubaliwa, na ikakubaliwa. Ng'ombe wakaja, wakaingia zizini wakilia, na Masunga akazunguka kijijini siku nzima akisalimia watu ambao alikuwa ameshawasalimia.

Nyanjige peke yake hakufurahi. Siku moja wanawake wa kaya na majirani walikuwa wamekaa uwanjani wakibangua karanga, na Milembe akapita karibu yake. Nyanjige akainua pua, akanusa. Akamtazama mpwa wake kwa yale macho yake mekundu yanayotoka machozi.

"Milembe," alisema, "uso huo utakuharibikia."

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini wanawake wote walisikia.

Tyubu ikaisha. Mchuuzi hakuonekana tena mnadani. Milembe akajaribu kukaa bila kupaka, na ndani ya siku chache uso ukaanza kuwasha, ukavimba, ukalipuka. Vile vipele vichache vya zamani vilikuwa vimerudi na ukoo wao wote, na weupe uliokuwa umemletea baba yake ng'ombe ukawa unapauka hapa, unaungua pale. Majirani wakakumbuka maneno ya siku ile ya kubangua karanga. Masunga akaenda kwa mganga, akarudi amenyamaza. Alichoambiwa alimwambia mwanawe Mwandu peke yake, lakini Esteria alisikia akiwa nyuma ya ghala: kuna jicho jekundu, nalo halitoki mbali, linakula kwenye kaya hiyo hiyo.

Hayo ndiyo yaliyomtoa Mwandu nyumbani na baiskeli.

Milembe alikaa chumbani mpaka jua lilipopanda. Alikuwa na tyubu ile, imekunjwa na kukamuliwa mpaka mwisho, chini ya mkeka wake. Kilichomtesa hakikuwa woga wa kusema tu. Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na hakika. Mafuta yalimpendeza siku zote alizoyapaka. Uso uliharibika alipoacha kuyapaka. Je, kama mganga anasema kweli? Je, kama shangazi ambaye alimbeba mgongoni ndiye huyo? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Akaichomoa tyubu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mama, nakwenda zahanati," alisema.

Esteria alitaka kumkatalia, akaona uso wake, akaacha. "Nenda. Na usiongee na watu njiani."

Muuguzi wa zahanati ile aliitwa Generoza, mwanamke mnene kutoka upande wa Bukoba ambaye alikuwa ameishi Usukumani miaka mingi na bado alikuwa akisalimia Kisukuma kwa lafudhi ya kwao. Alikuwa amechoka, na hakujaribu kuficha.

"Mwangaluka. Fungua uso."

Milembe akafungua. Generoza akamsogeza dirishani, akamshika kidevu.

"Umepaka nini?"

"Samli tu, mayu," Milembe alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Samli haifanyi hivi. Umepaka nini?"

Milembe akafungua pindo na kuitoa tyubu. Generoza akaisoma, midomo ikichezacheza. Akaitupa juu ya meza.

"Mnanichosha na mikorogo yenu. Tangu vitu hivi vianze kuingia, kila wiki napata mmoja. Ndani ya hii kuna dawa kali, hata daktari hampi mtu apake usoni kila siku. Ukiipaka, inazima vipele na kufuta rangi, unaona umependeza. Huku inaifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi inaizoea. Siku ukiinyima, inalipuka. Jua nalo linapiga ngozi iliyochubuka, linaweka weusi mpya juu ya ule wa zamani."

"Kwa hiyo ni kwa kuwa niliacha?"

"Ni kwa kuwa ulianza. Kuacha ndiyo dawa, hata kama sasa hivi unaona ni adhabu. Usinunue nyingine."

"Na zile chunusi za kwanza kabisa? Zile za mwanzo, mayu, nani alizileta?"

Generoza alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hakuna aliyezileta. Ngozi ya uso inatoa mafuta yake, na umri wako inatoa mengi. Yakiziba kwenye vitundu vya ngozi, kinatokea kipele. Mimi nilikuwa nazo, hata paroko wetu alikuwa nazo alipokuwa kijana. Wewe ukaziminya, ndipo ukapata madoa. Basi."

"Hakuna mtu mwenye macho mekundu anayeweza..."

Hakumalizia. Mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango alikohoa. Generoza akaenda akafunga mlango, akarudi, akakaa. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ni nani kwenu mwenye macho mekundu?"

"Shangazi yangu."

"Anapikia nini?"

"Samadi. Na vijiti vya mipamba."

"Ndani ya kibanda kisicho na dirisha."

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Nimewafunika shuka bibi zenu kwenye chumba kile pale," Generoza alisema, akionyesha kwa kidole. "Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi. Ni ugonjwa, una dawa, ipo kwenye kabati hili. Hakuna hata mmoja aliyeletwa kwangu akiwa hai nimpe." Akavuta pumzi. "Wameshatuma mtu?"

"Kaka yangu ameondoka leo asubuhi."

Generoza akafanya kazi yake, haraka. Akampa kipande cha sabuni isiyo na harufu na tyubu ndogo nyeupe. Akamwambia aoshe uso asubuhi na jioni kwa maji safi, kwa mkono, asisugue na dodoki. Asiminye kitu. Asipake samli wala mafuta mazito usoni. Akitoka juani ajitande kanga, si kwa aibu, kwa ajili ya madoa. Dawa ya tyubu nyeupe asiiguse mpaka ngozi itulie, kisha apake kidogo sana penye vipele.

"Itachukua miezi. Vipele vitatangulia kuondoka, madoa yatabaki nyuma, na utadhani hayaondoki. Yataondoka. Chukua na hii ya macho, mpe shangazi yako." Akairudisha tyubu nyekundu mkononi mwa Milembe. "Na hii usiitupe bado. Mimi nitamwambia kamanda wa sungusungu wanaolinda vijiji, lakini yuko mbali, na watu wake wengine wanaamini mambo hayo hayo. Anayeweza kulisimamisha jambo hili haraka ni wewe."

Alipofika nyumbani Milembe alimweleza mama yake kila kitu. Esteria alisikiliza huku akipepea moto. Mwisho akaweka upepeo chini.

"Nyamaza," alisema.

"Mama?"

"Nimesema nyamaza. Wale ng'ombe baba yako ameshawatoa wengine, kaka yako amewatumia kumposa mchumba wake. Ukisema ulijipaka, watu wa Marcelo watasema tumewauzia rangi. Watawadai wote. Baba yako atakufa kwa aibu. Mimi nitazungumza na wifi yangu, aondoke leo aende kwa binti yake. Akiondoka, hakuna wa kumwona, hakuna wa kumgusa. Yatapoa."

Esteria alivuka uwanja, akaingia kibandani mwa Nyanjige. Hakukaa sana. Alitoka akiwa amekunja uso.

Milembe akaenda mwenyewe. Shangazi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakuwa amefunga mzigo wowote.

"Shangazi, ondoka. Nakuomba."

"Nikikimbia, watasema mchawi amekimbia. Watanifuata huko huko, na mwanangu ana watoto wadogo." Akajifuta machozi ya moshi kwa kiganja. "Mimi nimezaliwa hapa kabla ya baba yako. Nitakaa."

"Ulijua napaka."

"Nilisikia harufu yake. Mtoto wa marehemu Kabula alipaka kama hayo akaharibika shingo yote. Nikakuonya."

"Ungewaambia basi! Mganga aliposema, ungewaambia ni mafuta!"

Nyanjige alitikisa kichwa polepole. "Ng'wanone," alisema, kama anavyoitwa mtoto kwa upendo, "mwenye kutuhumiwa akisema, ni nani anamwamini? Wangesema nakusingizia ili nikuvunjie ndoa. Uso ni wako. Maneno yake ni yako pia."

Milembe alimwekea dawa ya macho kwenye kiganja. Nyanjige akaishika bila kuuliza ni nini. Wakakaa hivyo mpaka ng'ombe walipoanza kurudi malishoni, na Mwandu hakurudi siku ile.

Kesho yake mchana alifika mzee Marcelo, na kijana wake Mihayo nyuma yake. Habari ya kwamba binti amelogwa ilikuwa imewafikia Lagangabilili, na Marcelo alitaka kusikia kwa masikio yake. Masunga akawaketisha kwenye kivuli cha ghala, wakaletewa maziwa ya mgando. Ndugu wawili wa Masunga walikuja pia. Wanawake walikaa jikoni. Nyanjige alikuwa mlangoni kwake, hatua kidogo tu kutoka walipokaa wanaume, akibangua karanga kama kwamba hawapo.

"Mkwe," Marcelo alisema, "sikuja kuvunja. Nimekuja kujua. Kama kaya ina jambo, lisafishwe kabla mwanangu hajachukua mke hapa."

"Linasafishwa," Masunga alijibu. Hakutazama upande wa kibanda. "Mwanangu ameenda kulishughulikia. Leo litakwisha."

Milembe alisikia neno lile, leo, na miguu ikamwinua. Esteria alimshika kanga. Kanga ikabaki mkononi mwa Esteria.

Akatoka juani kichwa wazi, uso wazi. Mihayo, ambaye hakuwahi kuuona uso ule tangu uharibike, aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Baba, naomba kusema."

"Rudi jikoni."

"Hakuna aliyeniloga."

"Milembe! Rudi jikoni!"

"Mwache," alisema Marcelo. "Mimi nimekuja kwa habari zake."

Milembe aliiweka tyubu nyekundu juu ya mkeka, katikati yao.

"Nilikuwa na chunusi, nikaziminya, zikaniachia madoa. Nikanunua mafuta haya mnadani. Yakaniondolea chunusi, yakanifanya mweupe. Yalipoisha, uso ukawa huu. Nimekwenda zahanati, muuguzi ameona tyubu, amesema ni hii. Shangazi hakunifanyia chochote. Alisikia harufu, akanionya nisipake. Hayo ndiyo maneno mliyosema ni laana."

Mmoja wa ndugu za Masunga aliiokota tyubu, akaigeuza, akamkabidhi Marcelo. Mzee yule hakujua kusoma. Alimtazama mwanamke wa kwenye picha, akamtazama Milembe.

"Kwa hiyo siku ile wake zangu walipokuangalia, waliangalia mafuta."

"Ndiyo, baba."

"Rangi yako ni ipi?"

"Kama ya mikono yangu."

Jikoni Esteria aliguna kama mtu aliyeumia. Masunga alisimama. Alikuwa na fimbo yake ya ng'ombe, na kwa muda Milembe alijua itamshukia. Alifumba macho. Lakini badala ya fimbo alisikia matairi kwenye mchanga.

Mwandu aliingia uwanjani akisukuma baiskeli. Nyuma yake walikuja wanaume wawili na baiskeli moja, wembamba, nguo zao za kawaida kabisa, mmoja ana kofia ya kuzuia jua. Kwenye kiti cha nyuma walikuwa wamefunga gunia refu lililozungushiwa kamba. Hawakusalimia. Yule mwenye kofia alizungusha macho kwenye nyumba, moja baada ya nyingine, na yalipofika kwa Nyanjige yakatulia.

Karanga ziliacha kuvunjika. Ndama mmoja alikuwa akilia zizini.

"Baba," Mwandu alisema, akiwaona wageni, "sikujua kuna watu."

Masunga hakujibu. Milembe aliona jinsi lingekuwa jambo rahisi: wageni wangeaga, jua lingeshuka, na maneno ya binti yangekuwa maneno tu. Ng'ombe wangebaki. Alitembea mpaka mbele ya kibanda, akakaa chini kwenye vumbi kati ya shangazi yake na wale watu wawili.

"Toka hapo!" Mwandu alifoka. "Wewe ndiye tunayekutetea!"

"Unitetee kwa nini? Nimejipaka mwenyewe."

"Nini?"

"Muulize baba. Ameshasikia. Wote wameshasikia."

Mwandu alimtazama baba yake. Kisha akaona tyubu mkononi mwa Marcelo, na uso wake ukaanza kulegea, kama wa mtoto aliyeamshwa ghafla.

"Tumetoka mbali," alisema yule mwenye kofia. Sauti yake ilikuwa ya upole.

Aliyemjibu alikuwa Marcelo. Aliinuka taratibu, akajikung'uta shuka.

"Vijana, mimi si mtu wa hapa. Nimekuja kwa mambo ya mwanangu. Lakini macho yangu bado yanaona. Nimewaona sura, mwanangu amewaona, na kamanda wa sungusungu wa kwetu ni mtoto wa mdogo wangu. Bibi yule akiumwa hata kichwa, nitajua pa kwenda."

Hapo ndipo Masunga alipopata sauti. "Hakuna kazi hapa," alisema. Ilitoka nyembamba. Akairudia kwa nguvu zaidi. "Nimesema hakuna kazi hapa! Yule ni dada yangu. Ondokeni kwangu!"

Wale wawili walitazamana. Yule mwenye kofia akatema mate pembeni, akageuza baiskeli. Waliondoka kwa mwendo ule ule waliokuja nao, na gunia lao. Mpaka walipopotea, hakuna mwanamume aliyekaa chini.

Kisha Nyanjige alisimama. Aliingia kibandani, akatoka na mzigo mdogo umefungwa kwenye shuka, na sufuria yake.

"Dada," Masunga alisema, "unakwenda wapi tena? Yamekwisha."

"Kwako yamekwisha."

Akapita mbele yao wote. Milembe akaichukua ile sufuria mkononi mwake, wakaondoka wote wawili. Masunga hakumzuia binti yake. Alikuwa ameshika nguzo ya ghala kama mtu mwenye kizunguzungu.

Walikwenda kwa binti wa Nyanjige, Lagangabilili. Siku ya kupita zahanati Generoza aliwakagua wote wawili kwenye benchi moja, akaguna, akasema tu kwamba wamechelewa kidogo lakini hawajachelewa sana. Nyanjige alianza kutiwa dawa ya macho. Binti yake alimtobolea jiko dirisha.

Uso wa Milembe haukuwa mwepesi kupona. Wiki za kwanza ulizidi kuwaka, na kuna asubuhi alizokaa na kulia, akatamani tyubu nyekundu kama mtu anavyotamani maji. Alipitishwa mnadani na shughuli zake akaiona ileile kwenye turubai, na akasimama pale kwa muda kabla ya kuondoka. Vipele vilianza kukauka baada ya kuvuna pamba. Madoa yalibaki, kama alivyoambiwa, na kila alipoyatazama aliona hayajabadilika, mpaka siku moja Nyanjige, ambaye macho yake sasa yaliona mbali zaidi, alimwambia yamekuwa rangi ya chai. Machache hayakuondoka kabisa. Moja liko kwenye shavu la kushoto.

Marcelo alirudi kwa Masunga, wakazungumza upya, na sehemu ya ng'ombe ikarudi Lagangabilili. Kwa wengine wa ukoo wake ilikuwa aibu kubwa kuendelea na posa ile. Mihayo ndiye aliyeng'ang'ania. Alikuja siku moja kumwona Milembe, wakakaa nje.

"Nilidhani ungeogopa uso," Milembe alisema.

"Niliuogopa," Mihayo alijibu. "Lakini ulikaa chini mbele ya watu wale. Mimi nilikuwa nimesimama na miguu yangu haikwenda popote. Nafikiria hilo kuliko uso."

Walioana mwaka uliofuata, bila sherehe kubwa. Masunga alikuja. Aliongea na dada yake mara kadhaa akimsihi arudi nyumbani, na kila mara Nyanjige alimjibu vizuri na kumpa maji ya kunywa, na kukataa.

"Sina neno na wewe," alimwambia. "Aliyetoka na baiskeli hajaja."

Mwandu alichelewa sana kuja. Alikuja msimu wa kupanda mtama, peke yake, kwa miguu. Nyanjige alikuwa nje akichambua mboga. Kijana yule alisimama mbali kidogo, akasalimia huku akitazama chini.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila. Sogea."

Akasogea.

"Inama nikuone."

Mwandu akapiga magoti. Nyanjige akamshika kidevu kwa vidole vyenye maji ya mboga, akamwinua uso mpaka wakatazamana. Hakumwachia haraka. Machoni mwake wekundu ulikuwa umepungua, lakini haukuwa umekwisha, na alimwacha autazame vizuri. Milembe, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alisimama mlangoni na hakuthubutu kusogea.

Mwandu akayatazama macho yale.

"Bado sijui kama nitakusamehe," Nyanjige alimwambia. "Nitakwambia nikijua. Sasa shika kisu kile, unisaidie mboga."

Mwandu akakaa chini, akachukua kisu, akaanza kukata majani, vibaya, yakiwa mapana mno. Shangazi yake akamwonyesha ukubwa unaotakiwa. Akakata tena.